Nyumba kwa Kimo cha Azzan

Saa kumi na mbili unusu, Mabela, na jua limeshakasirika.
Watoto hawajaletwa. Muzna yuko jikoni, anachemsha chupa.
Nafunga mlango wa ukumbi wa chekechea,
nakaza kanga kiunoni,
nashika ukingo wa kabati, nasema bismillahi,
na mimi, Thuwaiba binti Nasib, bibi wa wajukuu kumi na mmoja,
nashuka sakafuni.

Goti la kulia linalia kama bawaba.
La kushoto limenyamaza; hilo ndilo ninaloliogopa.

Daktari wa mifupa alinionesha picha ya nyonga:
vitundu, vitundu, mkate wa kumimina ulioumuka vyema.
"Mama, usianguke," akasema,
kana kwamba kuanguka ni safari, mtu hukata tiketi.
Shaila wa mazoezi ndiye aliyesema la maana:
"Jifunze kushuka chini na kuinuka bila kiti.
Tambaa. Kila siku, dakika kumi."
Nilicheka hadi mtandio ukanivuka.
Kutambaa! Kwa miaka sitini na minane!
Kule Wete wangeshanisomea Yasini.

Lakini zulia la hapa ni nene, na asubuhi halina mtu.
Natambaa.

Na chekechea niliyoifagia miaka mitatu
siijui.
Pembe ya meza, ambayo siku zote hunigusa paja,
huku chini inanitazama jichoni.
Kamba ya pazia inaning'inia, kitanzi tayari.
Tundu la umeme liko usawa wa pua,
lina uso, linakaribisha wageni.
Chetezo cha udi tulikiweka juu, tukajipongeza;
kitambaa kilicho chini yake kimeteremka hadi hapa,
mtu wa mwaka mmoja anavuta tu, makaa yanamjia.
Na chini ya kochi: kokwa ya tende, shanga,
na kitu cha mviringo kinang'aa kama sarafu,
betri ya rimoti ya kiyoyozi, ile ndogo mfano wa kifungo,
tuliyoitafuta juzi, tukasema, "Aa, itaonekana."

Imeonekana.
Azzan ana miezi kumi na minne
na kila kitu hukionja kwanza, ndipo hukitazama.

Nilibaki pale, mikono na magoti, nikitweta,
sijui kwa mazoezi au kwa ile betri.
Ajali iliyotokea ina mashahidi,
ina ambulensi, ina majirani mlangoni.
Isiyotokea haina hata jina.
Nani atampigia mama yake simu kazini Ruwi
amwambie: leo mwanao hakumeza kitu?

Muzna akafungua mlango, akapiga ukelele:
"Mama! Umeanguka!"
"Sijaanguka, nimeshuka. Shuka na wewe."
Akashuka, na abaya lake, na chupa mkononi.
Tukatambaa, mkwe na mkaza mwana,
yeye akaifunga kamba juu, mimi nikakivuta kitambaa.
Hatukusema mengi.
Tangu harusi hatujawahi kutazama kitu kimoja
kwa macho yaliyo sawa.

Kisha kuinuka.
Mguu mmoja mbele, kiganja pajani, pumzi.
Mkono ulilikimbilia kabati; nikaurudisha.
Muzna alihesabu kimoyomoyo, niliiona midomo.
Tisa.
Wiki iliyopita zilikuwa kumi na nne, tena kwa kiti.

Nje gari la kwanza limesimama.
Azzan anashushwa, ananyoosha mikono nimbebe.
Nyonga inasema ngoja,
basi najishusha kizingitini, taratibu, namwacha aje mwenyewe,
hatua tatu, kitako, hatua mbili.
Betri nimeifunga pindoni mwa kanga, mafundo mawili.
Anafika, ananishika bega,
analiona fundo,
na kinywa kimeshafunguka.