Ukurasa Ulionywewa

Herufi K, kadi ya mia mbili na tatu.
Kwa Kombe: kichochoro, Kibokoni,
hutokea nyuma ya duka la halua;
upana wake ni mtu mmoja na kikapu,
wakikutana wawili, mmoja hurudi nyuma.
Hayo nimeyapima mwenyewe.
Mhariri Mwakio hakuyagusa.

Asili ya jina, niliandika,
ni kombe la Mwana Hidaya,
sahani nyeupe yenye ufa
aliyoiandika aya kwa zafarani,
akaisuza kwa marashi,
wakanyweshwa watoto wenye homa.
Pembeni, kwa wino mwekundu:
Nani kasema?

Sisi. Tumesema sisi.
Alisema nyanya akichagua mchele,
na Shangazi Zulekha husema hadi leo
kila akipita pale, mkono ukutani,
magoti yakimteta.
Ila "sisi" haina ukurasa,
haina mwaka, haina mpiga chapa,
na Mwakio, kwa upole wake wa Kitaita,
alinikumbusha: mwamba ngoma huvutia kwake.

Nikaenda maktaba. Vumbi, chafya,
kitabu cha mgeni fulani wa zamani
aliyepita mjini na daftari.
Ukurasa wa themanini na moja:
"Kombe, yaani magamba ya chaza
yaliyomwagwa hapo na wachuuzi wa Pate.
Kwa mujibu wa mwenyeji mmoja,
fundi wa makufuli, mwenye kengeza."

Makufuli.
Kengeza.
Picha yake iko sebuleni kwetu,
jicho moja kwangu, jingine mlangoni.

Nilimsomea shangazi. Alicheka
hata leso ikamteleza.
"Ndiye babangu huyo! Ijumaa, adhana i hewani,
na yule mtu hamwachi, yuwauliza tu.
Na kombe la mamake, babangu hakutaka
litiwe daftarini, likachekwe huko kwao.
Akampa magamba.
Akayapokea, akashukuru, akenda zake."

Basi huu ndio mzani wangu:
urongo wa babu una ukurasa,
ukweli wake una shangazi,
na shangazi siku hiyo
alikuwa na miaka minne.
Nimehesabu kwa vidole. Nikarudia.
Tena babu alificha kwa kusudi;
mimi ni nani wa kufungua
kufuli la fundi?

Chanzo chenyewe kilikuwa maandishi,
ndilo linalonikera.
Yaliandikwa, kwa mkono mzuri,
kisha yakanywewa.
Nakala moja ilimponya nyanya surua.
Nyanya amelala Kikowani.

Usiku, feni ikigugumia, niliandika upya:
Asili ya jina: kauli mbili.
Magamba: tazama kitabu, uk. 81;
msemaji ni mwana wa Mwana Hidaya,
ambaye, kwa kauli ya bintiye, alisema hivyo
ili aiwahi sala.
Sahani: Zulekha binti Shebwana,
amehojiwa kwake, Jumatano, baada ya alasiri.
Mwandishi ni mtoto wa nduguye.
Msomaji apime.

Mwakio aliitafuna kalamu yake muda mrefu.
Akafuta "baada ya alasiri". Basi.

Sahani bado iko kabatini.
Juzi niliishusha, nikaitazama kwa tochi.
Ndani ya ufa mna umanjano kidogo, kama uzi.
Huenda ni zafarani.
Huenda ni bizari ya mchuzi wa papa.
Hilo sikuliandika.