Somo la Kwanza ni Kuanguka

Ukumbi wa kwanza, kule chini bandarini Valparaíso,
ulikuwa na vioo vingi kuliko watu.
Kijana wa mapokezi alinitazama magoti,
akaniuliza kama nimemleta mjukuu.

Wa pili walitaka ada ya mwaka mzima, taslimu,
na mwalimu alifoka
kama marehemu Anselmo akitafuta soksi.
Nikafunga kamba za viatu, nikashuka ngazi.

Miaka hamsini na mitatu.
Mikate naitoa tanurini saa kumi alfajiri;
mikono yangu inajua unga,
haijui ngumi.

Wa tatu uko juu kilimani, nyuma ya kituo cha zimamoto.
Mikeka ina viraka, dirisha moja halifungi.
Mwalimu ni Bi Otilia, mfupi,
sikio moja limeumuka kama andazi.
Hakuniuliza umri. Aliuliza, "Wapi panauma?"
Nikasema, nyonga.
Pengine sikupasema.

"Basi leo hatumpigi mtu. Leo tunaanguka."
Kidevu kifuani. Kiganja kiupige mkeka
kabla mgongo haujafika.
Tena. Tena.
Fresia, mtoto wa miaka tisa,
akaninyoosha kiwiko, wala hakucheka.

Mara ya kumi na moja nikabaki pale chini,
natazama madoa ya unyevu darini,
sina haraka ya kuinuka.

Jumanne narudi.
Mkanda nimeazimwa, mweupe, mrefu mno:
umenizunguka mara mbili
na ncha zake bado zinanigusa magoti.