Yeye Mmoja

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni, mjini Brandon, Manitoba.
Baridi ya nje ni ya kugandisha kope.
Lorna Friesen anashuka ngazi za chini ya kanisa
na mifuko miwili na ufunguo unaogoma.
Humo ndimo darasa lake: meza za kukunja,
piano isiyo na mwenyewe,
bomba la joto linalogonga kama mgeni asiyefunguliwa.

Hii ni kazi yake ya pili leo. Ya tatu ni kesho alfajiri, chuoni,
kwa mkataba wa wiki kumi na nne.
Analipwa saa za kufundisha. Saa za kusahihisha ni sadaka,
na hakuna aliyemwomba sadaka.
Nakala amepangiwa mia kwa mwezi;
leo tarehe kumi na tisa, mia imekwisha,
basi amekata picha kwenye matangazo ya duka:
kuku, sabuni, karoti, nepi, sepetu ya theluji.
Hii bei gani? Hizi bei gani?
Darasa zima hununua, hakuna anayetoa senti.

Wanaingia wakikung'uta buti.
Naw Paw Htoo, vidole vimevimba kwa kisu cha kiwandani,
anashika kalamu kana kwamba nayo ina makali.
Xiomara amekuja na bintiye wa miaka saba
anayejua majibu yote na kuyameza kwa haya.
Bohdan hasemi. Mwezi wa tatu huu hasemi,
ila huja wa kwanza,
na viti vyote hukunja yeye.

Somo ni familia.
Gholam Sakhi, fundi saa wa Herat,
siku hizi mfuaji wa mashuka ya hospitali,
anasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.
"Mke wangu," asema, "yeye..."

Na hapa shairi langu linakwama.
Alichotamka ni yeye wa mwanamume.
Kiingereza kinao wawili, wa kiume kivyake, wa kike kivyake,
nami ninayewaandikia ninaye mmoja tu,
kama Gholam katika Kifarsi chake.
Sina namna ya kuwaonyesha kosa. Kwetu halimo.
Niaminini tu kwamba lilikuwapo,
kwamba Lorna alilisikia kama sahani ipasukayo jikoni,
na kidole kilikuwa kimeshainuka,
kidole chake cha upole cha miaka ishirini na miwili:
tena, tafadhali.

"Mke wangu, yeye alipika wali, karoti, zabibu kavu.
Yeye alijua saa ngapi bila saa.
Yeye alicheka mimi. Yeye..."
Akakitafuta kitenzi kwenye dari.
Si katika vile vikaidi vya kukariri;
hiki ni kitiifu, wakati uliopita
huongezwa herufi moja tu mwishoni.
Alikipata.
Alikitamka sawasawa, na herufi yake.

Kidole kikashuka.

Bomba likagonga. Hakuna aliyejua pa kuweka macho,
mpaka Naw Paw Htoo akainua kipande cha karatasi:
"Karoti. Bei gani?"
"Dola mbili, senti tisini na tisa," akajibu Gholam,
akafikiri kidogo. "Ghali sana. Mke wangu, yeye hanunui."
Wakacheka, na bintiye Xiomara akacheka zaidi,
na Bohdan, ambaye hasemi, akasogeza kiti chake
inchi tatu hivi.

Saa tatu usiku, garini, injini ikikohoa,
Lorna ana fomu ya wafadhili magotini.
*Mwanafunzi anatofautisha viwakilishi vya kike na vya kiume:*
ndiyo, hapana, bado.
Wino umeganda. Anaipulizia kalamu pumzi,
anaisugua kiganjani, anapulizia tena.
Kisha, kwa mkwaruzo zaidi ya wino,
anaweka alama kwenye bado,
na kushuka kwenda kukwangua barafu kiooni.