Chini ya Neno Mato

Kivinjari kipya nimekishusha usiku,
bando la usiku ni rahisi, na Kuze nzima imelala
isipokuwa jenereta la mwenye bucha
na mimi.
Beta, wameandika. Toleo la majaribio.
Likikuharibia kazi usije kulia kwetu:
hivyo ndivyo nilivyoyafasiri yale masharti marefu
niliyoyakubali bila kuyasoma.

Ni chepesi, sikatai.
Vichupo vimepanda juu kama nguo zilizoanikwa darini,
ukurasa wafunguka kabla kidole hakijaachia kitufe.
Nikasema haya, tumepata.
Kisha kikaniwekea orodha, kwa adabu ya karani wa forodha
anayekwambia karatasi zako hazijatimia:

    Kizuia matangazo: sawa.
    Kalenda: sawa.
    Kamusi ya Shalli: haiafikiani na toleo hili. Imezimwa.

Sikujua uzito wake
mpaka nilipofungua barua za wasikilizaji,
zile ninazozichapia redio kila Alhamisi.
Bi Mwanaharusi wa Majengo ataka dawa, mato yamuuma.
Mato: mstari mwekundu.
Mtele umepanda bei. Mwekundu.
Ndoo mutuone. Ndoo kikaiacha,
kikidhani bibi aomba chombo cha maji,
mutuone kikaichapa.
Skrini ikawa daftari langu la darasa la tano,
mwalimu mgeni, kalamu yake,
na mimi nikijifunza kwamba nyumbani kwetu twakosea.

Shalli aliitunga kamusi ile mwaka tuliomaliza chuo cha ufundi,
jioni kwa jioni, kando ya nyanyake,
akimchokoza azungumze.
Hakulipwa hata soda.
Sasa anaendesha winchi Kilindini, zamu ya usiku.
Nikampigia.
"Bado waitumia?"
Nyuma yake chuma kinagonga chuma.
"Si mbovu," akasema. "Hawajaijaribu tu.
Fungua faili ya kwanza, utaona imeandikwa
mwisho wake toleo la tatu. Andika nne."
"Ni urongo huo."
"Mdogo. Andika nne, uone."

Namba moja, katikati ya mabano,
kama kimo cha mlango kilichopimwa kwa mtu wa jana.
Nikafuta tatu. Nikaandika nne.
Na maadamu nimo ndani, nikachungulia maneno:
elfu nne na ushei, alfabeti haikufuatwa,
yamekaa vile ajuza alivyoyatoa kinywani,
mtele ubavuni mwa nda,
nda ubavuni mwa kuteka,
majina ya mashoga zake, vyakula vya arusi,
matusi mawili ambayo redio haitayasoma.
Mwisho kabisa, baada ya mstari mtupu:

    Mwatime

Jina langu.
Kila mashine niliyoliandikia ililipigia mstari.
Nililalamika siku moja, kwa mzaha,
kwenye ile kompyuta ya chuo yenye herufi R iliyong'oka,
nikitafuna karanga.
Sikumbuki kama alikuwa akisikiliza.

Nikakizima, nikakiwasha.
Wekundu ukafutika, mato ya kwanza.
Dakika kumi na moja tulikuwa sawa,
kipya na cha kale, wakwe wanaotazamana sinia.
Halafu kikaanguka chote, puu,
na barua ya Bi Mwanaharusi ndani yake.

Kikaniuliza, kwa adabu ile ile,
ulikuwa ukifanya nini kabla ya hitilafu?
Kisanduku cheupe. Kishale kinapepesa.
Nikaandika: Nilikuwa nikisoma jina langu.
Nikafuta. Ni saa tisa usiku, nani ataelewa.
Nikaandika: Nyongeza ya zamani. Namba nimeibadilisha mimi.
Nikatuma.

Jenereta la bucha limenyamaza.
Nakifungua tena, hicho hicho cha majaribio,
nayarudia mato ya Bi Mwanaharusi tangu mwanzo.