Honi ya Pijo

Nilipoifungua, ndani ya tarumbeta yake
nyigu walikuwa wameshajenga:
vyumba vitatu vya udongo wa Tukuyu,
wapangaji wasiolipa, nao wamehama.

Miaka kumi na tisa gari limelala bandani,
migomba ikilidondoshea maji mchana kutwa.
Huku kwetu mvua haipigi hodi.

Nikachokonoa kwa kijiti. Nikazipiga platini msasa
mpaka zikatazamana tena.
Koili nzima. Waya wa ethi ndio uliokufa,
kutu imeula kimya kimya pale ulipofungwa nati.
Nikaweka mpya, nikagusa betri:

kho.

Kikohozi cha mzee aliyeamshwa usiku.

Basi robo mzunguko wa skrubu.
"Bado," mama akasema toka jikoni, hajanyanyua kichwa.
Robo nyingine.
"Hiyo mbuzi."
Nikarudisha kidogo, upana wa ukucha,
ikatoka nene, ya kifuani, ikaingia ukunguni
hadi kwenye chai, mbwa wa Anyosisye akaijibu.

Nikadhani tumefika.

Mama akaja, mikono ina utomvu wa ndizi,
akainamia dirisha la dereva:
"Sauti ndiyo. Ila Ambakisye hakuwa anakandamiza hivyo.
Kwenye kona ya Kyimbila aliigusa mara mbili tu,
kama mtu anayepima joto la pasi kwa kidole."

Skrubu ya hilo nimeitafuta.
Nikaiweka bisibisi juu ya boneti,
nikaketi kwenye kiti chake,
nikalamba kidole.