Bei ya Tende

Muhannad kaja likizo na kibao cha mbao,
bomba la plastiki na daftari la mistari,
kamfungia mbuzi wangu Kipusa uani, hapa Ibra,
nyuma ya ukuta ambako maji ya falaji hupita kwa zamu.

Siku ya kwanza: pua mara moja, tende moja.
"Sokoni hakuna bei hiyo," nikamwambia.
Kisha mara mbili. Nne. Sita. Tisa.
Mimi nilizaliwa Wete, nahesabu kwa Kiswahili,
yeye anaandika kwa Kiarabu. Mbuzi
hakutuuliza lugha. Akagonga.

Ishirini na tano. Thelathini na mbili.
Hapo nikaona jambo ambalo daftari halikulipigia mstari:
si kugonga, maana akishaanza hugonga mbio vilevile,
tak tak tak, kama cherehani;
ni kule kusimama kabla ya kuanza.
Amekwisha kula. Anatazama kibao.
Anatazama ukuta. Kivuli cha mtende
kinamtoka kwato za mbele hadi za nyuma.
Nimesimama hivyo mlangoni mwa jiko
alfajiri nyingi, kiberiti mkononi.

Kwa majani makavu aligoma kwenye tisa.
Kwa khalasi alifika tisini na tano,
Muhannad akapiga makofi peke yake.
Mia na kumi na nane: Kipusa aligonga sitini,
akageuka, akaenda kutafuna boksi la feni.
"Kikomo," kijana akaandika, uso umemng'aa
kama mtu aliyepima kina cha kisima.

Usiku nikampelekea pumba na maganda ya ndizi.
Kesho yake akakomea ishirini.
Kijana akatazama tarakimu, akanitazama mimi.
"Shangazi, umemlisha."
"Nani kakwambia?"
"Yeye."

Amerudi Maskati na daftari lake. Kibao kimebaki,
misumari inashika kutu, bomba tupu.
Wiki ya tatu sasa, kila akitoka bandani
Kipusa hupita pale, hugonga mara moja,
moja tu, hukinga mdomo, husikiliza,
huenda zake.

Leo nilikuwa juu ya ngazi naanua nguo.
Mfukoni nina tende, yangu, ya kahawa.
Aliposukuma kibao, nikaidondosha bombani.

Hakushangaa hata kidogo.
Akatema kokwa,
akagonga mara mbili.