Nukta Mkato

Tartu, saa tisa usiku, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Liivika ameandika "futa", ameandika jina la jedwali,
kidole kiko juu ya kitufe.

Wachangiaji damu elfu arobaini na moja.
Anataka kumwondoa mmoja tu,
Endel Kuuskmaa, aliyefariki Jumanne,
ambaye mfumo bado unamwandikia: njoo, tunakuhitaji.

Chai imepoa. Kidole kinangoja.

Mwaka juzi Urmas hakungoja.
Alisahau "ambapo", neno dogo,
na mashine ikamjibu kwa adabu zote:
mistari elfu tisa imefutika. Sekunde mbili.
Nakala ya akiba ilikuwa na umri wa mwezi mzima.
Siku kumi na moja walipiga simu, mtu kwa mtu,
samahani, damu yako ni kundi gani?
Tangu hapo Urmas huanza na "ambapo",
ndipo arudi nyuma kuandika "futa",
kama anayejifunga kamba kiunoni
kabla ya kuchungulia kisima.

Liivika anafuta "futa". Anaandika "onyesha".
Mistari miwili.
Miwili?
Endel Kuuskmaa wa 1951. Endel Kuuskmaa wa 1988,
mwana, au mpwa, au mtu baki tu,
kundi O hasi, alichangia juzi.

Anafungua muamala. Anaongeza namba ya kitambulisho.
Mstari mmoja. Anahesabu tena, kana kwamba moja huhesabika:
mmoja.

Nje gari la kukwangua theluji linapita.
Nukta mkato.
Anathibitisha.